Mwenye Bunduki Hawi Mwenye Ardhi: Sheria ya Kimataifa na Maeneo Yanayokaliwa kwa Mabavu

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu mawakili, ndugu wanafunzi wa sheria, ndugu wanahabari, na ninyi mliosafiri kutoka Bunia, Bukavu na Kampala, nawasalimu wote.

Nimeombwa nizungumzie hadhi ya kisheria ya maeneo yanayokaliwa kwa mabavu. Najua mkisikia maneno hayo fikra zinakimbilia Palestina, na zina haki ya kukimbilia huko. Nitafika. Lakini naomba nianzie Kagera, kwa sababu somo hili tunalifundisha kana kwamba ni la watu wa mbali, ilhali baadhi ya mifano yake mikubwa imetokea kwenye ardhi ambayo watu wake wanasema Kiswahili.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka wa Tanzania na kushika eneo lote lililo kaskazini mwa Mto Kagera. Daraja la Kyaka likavunjwa. Ng'ombe wakaswagwa kupelekwa ng'ambo, kiwanda cha sukari kikaporwa, watu wakauawa. Kisha Amin akatangaza kwamba kuanzia hapo mpaka ni mto, na ardhi yote ile, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, ni ya Uganda. Wazee mlioko hapa mnakumbuka jibu la Mwalimu Nyerere: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo. Lilikuwa jibu la kiongozi anayeingiza taifa vitani. Jibu la sheria halikusikika sana, nami nataka kulitamka leo: ardhi ile haikuwa ya Uganda hata kwa saa moja. Si siku ya tangazo, si siku ambayo hakukuwa na askari hata mmoja wa Tanzania upande ule wa mto.

Kwa nini? Kwa sababu katika sheria ya kimataifa ya leo, kukalia ardhi kwa jeshi ni tukio tu. Linazaa wajibu, halizai umiliki. Hilo ndilo nililokuja kusema, na mengine yote nitakayoyataja yanatokana nalo.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Karne za nyuma, aliyeshinda vita alichukua nchi na hakuulizwa. Hata hivyo, tayari wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekubalika kwamba bunduki peke yake haihamishi umiliki. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916, na Waingereza wakashika sehemu kubwa iliyobaki ya nchi hii. Walitawala, walitoza kodi, waliandika amri. Lakini kisheria koloni liliendelea kuwa la Ujerumani mpaka Mkataba wa Versailles wa 1919, ambapo Ujerumani ilitia saini kuachia makoloni yake yote. Wananchi wenyewe, ambao ardhi ni yao, hawakuulizwa na yeyote katika hao watatu, na hilo ni doa la sheria ya wakati ule. Baada ya 1945 Mkataba wa Umoja wa Mataifa ukapiga marufuku matumizi ya nguvu dhidi ya mipaka ya nchi nyingine, na mwaka 1970 Baraza Kuu likatangaza wazi kwamba ardhi iliyopatikana kwa nguvu haitatambuliwa na yeyote kuwa halali. Siku hizi hata saini ya mshindwa aliyeshikiwa bunduki kichwani haifui dafu. Kwetu Afrika tukaongeza azimio la Cairo la Julai 1964: mipaka tuliyoikuta wakati wa uhuru tutaiheshimu.

Sasa, eneo linahesabiwa lini kuwa limekaliwa? Kanuni za The Hague za 1907 zinasema, katika kifungu cha 42, kwamba ni pale ambapo kwa hakika limewekwa chini ya mamlaka ya jeshi la adui, na ukaliaji unafika pale tu ambapo mamlaka hayo yamesimikwa na yanaweza kutumika. Shikeni maneno "kwa hakika". Sheria haiulizi mvamizi anajiita nani. Haiulizi kama amekuja kuokoa, kulinda amani, kufukuza magaidi au kurudisha historia. Inauliza: nani anatoa amri hapa, na nani anatii?

Kwa hapo nihamie Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, na nitakaa huko kwa muda, kwa sababu hakuna kesi iliyolifanyia kazi swali hilo vizuri kama kesi ya Kongo dhidi ya Uganda.

Aprili 1998 serikali za Kinshasa na Kampala zilitia saini itifaki ya kushirikiana kulinda usalama wa mpaka. Askari wa Uganda walikuwa mashariki mwa Kongo kwa ridhaa, wakiwasaka waasi wa Uganda waliojificha huko. Miezi michache baadaye mambo yakaharibika. Rais Laurent-Désiré Kabila akawataka majeshi ya kigeni waondoke, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikaja kusema baadaye kwamba ridhaa ya Kongo, kama ilikuwepo, ilikuwa imekwisha kufikia tarehe 8 Agosti 1998. Uganda haikuondoka. Ilisonga ndani zaidi. Juni 1999 Kongo ikafungua kesi katika mahakama hiyo, iliyoko The Hague.

Uganda ilijitetea kwa hoja ambazo mtazisikia tena na tena katika migogoro ya namna hii. Ilisema askari wake ni wachache, wako kwenye viwanja vya ndege na sehemu chache za kimkakati. Ilisema utawala wa maeneo hayo uko mikononi mwa Wakongo wenyewe, wale wa vikundi vilivyoasi. Yaani: sisi tupo tu, hatutawali.

Hoja hiyo ilivunjwa na tendo moja la kiofisi. Juni 1999 Jenerali James Kazini, kamanda wa majeshi ya Uganda nchini Kongo, aliunda mkoa mpya akauita Kibali-Ituri, na akamteua Adèle Lotsove kuwa gavana wake. Uganda haikukana jambo hilo. Majaji walilitazama na kuuliza: ni nani mwenye uwezo wa kuunda mkoa ndani ya nchi isiyo yake na kuuteulia gavana, kama si mtu aliyeweka mamlaka yake mahali pa mamlaka ya serikali halali? Gavana alikuwa Mkongo, ndiyo. Lakini kalamu iliyomteua ilikuwa ya jeshi la kigeni. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ikaamua kwamba Uganda ilikuwa nchi mkaliaji wa Ituri mpaka askari wake walipoondoka tarehe 2 Juni 2003. Ikaongeza kwamba sababu zozote ambazo Uganda ingetoa kuhalalisha ukaliaji wake hazina maana katika swali hili, na kwamba hata kama haikuunda utawala rasmi wa kijeshi, haibadilishi kitu.

Mahakama hiyohiyo ilikuwa makini, na naomba wanafunzi mlitambue hili. Maeneo ya kaskazini yaliyoshikwa na kundi la waasi la Jean-Pierre Bemba haikuyahesabu kuwa yamekaliwa na Uganda. Ilikubali kwamba Uganda ililifundisha na kulisaidia kundi lile kijeshi, na hilo lenyewe ni kosa, ila haikuridhika kwamba Uganda ndiyo iliyokuwa ikiliongoza. Vita kimoja, jeshi moja, na upande mmoja ni ukaliaji, upande mwingine sivyo. Kinachotenganisha ni ushahidi wa nani hasa alikuwa na mamlaka ya kuamuru.

Kuitwa mkaliaji si tusi tu. Kunafungua mlango wa wajibu mzito. Kifungu cha 43 cha Kanuni za 1907 kinamtaka mkaliaji arudishe na kulinda utulivu na usalama wa watu, kadiri awezavyo, huku akiheshimu sheria alizozikuta isipokuwa amezuiwa kabisa kufanya hivyo. Kwa Ituri maana yake ilikuwa hii: Wahema na Walendu, jamii mbili za pale, walipouana, vijiji vilipochomwa, watoto walipopewa bunduki, Uganda haikuweza kusema "sisi hatukuua, wameuana wenyewe." Ukishavunja mamlaka ya mwenye nchi, usalama wa kila mama sokoni ni juu yako. Mahakama ilisema Uganda ilikuwa na wajibu wa kuzuia hata ukatili wa watu wengine ndani ya Ituri, na haikuutimiza.

Vivyo hivyo kwa mali. Dhahabu, almasi, koltani na mbao zilibebwa. Uganda yenyewe ilikuwa imeunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji David Porter, na ushahidi uliokusanywa na tume hiyo ya Uganda ndio uliotumika The Hague dhidi ya Uganda. Mimi naiheshimu nchi inayofungua jalada la kujichunguza, hata kama jalada hilo litakuja kuigharimu. Mahakama haikukuta ushahidi kwamba uporaji ulikuwa sera ya serikali. Ikasema hata hivyo nchi inawajibika kwa matendo ya askari wake, wawe wametumwa au hawakutumwa, na kwa Ituri inawajibika pia kwa uporaji wa vikundi ambavyo haikuvizuia.

Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda. Kama sababu nzuri haifuti ukaliaji, basi swali linatuhusu na sisi. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia Kampala, na askari wetu wakabaki Uganda mpaka 1981. Tulikuwa tumevamiwa kwanza, na Waganda wengi walitupokea kwa furaha. Serikali ya Yusuf Lule, aliyemrithi Amin, iliyotokana na mkutano wa Moshi wa Machi 1979, ilitaka tuwepo. Ridhaa ya serikali ni hoja nzito. Lakini serikali iliyoingia madarakani ikifuatana na mizinga ya mgeni lazima itazamwe kwa jicho kali, na mwanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam anapaswa kuweza kuijadili miezi ile ya kwanza kwa kipimo kilekile anachokitumia kwa Ituri. Sheria ya ukaliaji haimwadhibu aliyechokozwa. Inawalinda raia wa mahali pale dhidi ya yeyote anayeshika bunduki, mwema au mbaya, na ndiyo maana haijali nani alianza.

Raia hao wanalindwa na nini hasa? Zaidi na Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949. Chukueni mji wowote uliokaliwa. Mkaliaji anapaswa kusaidia shule za watoto zifanye kazi. Hakimu akikataa kuendelea na kazi kwa sababu ya dhamiri yake, haruhusiwi kuadhibiwa kwa hilo. Hospitali lazima ziendelee, chakula na dawa lazima vipatikane, na kama havitoshi mkaliaji hana hiari: lazima aruhusu misaada iingie. Kijana wa pale hawezi kulazimishwa kuingia jeshi la mkaliaji. Hakuna anayeweza kulazimishwa kula kiapo cha utii. Kuwahamisha wenyeji kwa nguvu ni marufuku, na kuleta watu wako mwenyewe kuja kuishi kwenye ardhi uliyoikalia ni marufuku vilevile. Hicho ni kifungu cha 49, na ndicho kinachoyafanya makaazi ya walowezi kuwa haramu popote yalipo. Na kuna kifungu cha 47, ambacho mimi nakiona ndio moyo wa mkataba mzima: hata mkaliaji akitangaza kwamba amelinyakua eneo, hata akiingia mkataba na viongozi wa pale, raia hawapotezi hata haki moja waliyopewa. Tangazo kama la Amin halifungui kufuli yoyote.

Kuhusu mali ya umma, kwa misitu, mashamba na majengo ya serikali, sheria inamfanya mkaliaji kuwa msimamizi anayeruhusiwa kutumia bila kumaliza. Anaweza kuchuma nazi, haruhusiwi kuukata mnazi. Na nazi zenyewe hazichumwi kwa ajili ya kujitajirisha nyumbani kwake. Ni kwa mahitaji ya eneo na gharama za kulisimamia. Ugumu unakuja kwa madini, maana jiwe la fosfati likishachimbwa halioti tena.

Hilo linatupeleka Sahara Magharibi. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni yake ya ushauri tarehe 16 Oktoba 1975: yalikuwepo mafungamano ya baadhi ya makabila na Sultani wa Morocco, lakini si ya umiliki wa ardhi, na hayawezi kuondoa haki ya Wasahrawi, wenyeji wa pale, kujiamulia hatima yao. Mwezi uliofuata Morocco ikapeleka maelfu kwa maelfu ya raia wake kuvuka mpaka katika kile kilichoitwa Maandamano ya Kijani. Hispania, mkoloni wa pale, ikajiondoa mapema 1976. Kura ya maoni ambayo ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipelekwa kuisimamia mwaka 1991 haijafanyika hadi leo.

Siku hizi wako wanaoniambia kwamba dunia imeshachoka na jambo hilo, mataifa makubwa yanaitambua Morocco kuwa mwenye Sahara, Marekani ilifanya hivyo Desemba 2020, basi limekwisha. Halijaisha kisheria. Mei 2017 meli iliyobeba fosfati ya Bou Craa, mgodi ulioko Sahara Magharibi, zaidi ya tani 50,000, ikielekea New Zealand, ilisimama Port Elizabeth. Wasahrawi wakaenda mahakamani Afrika Kusini, meli ikazuiwa, na mwaka uliofuata mahakama ikatamka kwamba shehena ile ni mali yao, haikuwa ya walioiuza. Oktoba 2024 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikathibitisha kubatilishwa kwa makubaliano ya biashara na uvuvi kati ya Ulaya na Morocco kwa kadiri yalivyogusa Sahara Magharibi, kwa sababu watu wa eneo hilo hawakuridhia. Mahakama ilisema wazi kwamba kushauriana na wakazi waliopo si sawa na kupata ridhaa ya watu wenye haki na ardhi, ambao wengi wao ni wakimbizi nje.

Na hapa kwetu Arusha, tarehe 22 Septemba 2022, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu katika kesi ambayo mwananchi wa Ghana alizishitaki nchi nane, Tanzania ikiwemo, kwa madai kwamba ziliruhusu Morocco kurudi Umoja wa Afrika bila kuondoka Sahara. Nchi nane hazikupatikana na hatia. Lakini majaji walisema mambo mawili ambayo yangepaswa kuwa habari ya ukurasa wa mbele Afrika nzima: kwamba ukaliaji wa Morocco haupatani na haki ya Wasahrawi kujiamulia, na kwamba nchi zote zilizojiunga na Mkataba wa Afrika zina wajibu wa kutafuta suluhisho na kutofanya lolote la kuuhalalisha. Tulitambua Jamhuri ya Wasahrawi mwaka 1978, mwaka uleule wa Kagera. Sioni sababu ya kuona haya juu ya msimamo ule.

Kutotambua, basi, ni wajibu wa kila nchi. Lakini kuna mtego ndani yake, na majaji waliuona mapema, mwaka 1971, waliposema kwamba uwepo wa Afrika Kusini nchini Namibia ni haramu. Kama kila karatasi ya mtawala haramu ni batili, mtoto aliyezaliwa Windhoek hana cheti? Ndoa zilizofungwa si ndoa? Mahakama ikajibu kwamba kutotambua kusiwaumize wenyeji: uandikishaji wa vizazi, vifo na ndoa unabaki halali. Naipenda sana aya ile ya maoni yao ya ushauri. Inakataa utawala bila kuwakataa watu.

Palestina sasa. Kwa miongo mingi hoja ilikuwa kwamba ukaliaji wenyewe si haramu wala halali, ni hali ya muda, na kinachohukumiwa ni matendo ndani yake. Tarehe 19 Julai 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikavuka hatua hiyo. Ilitazama walowezi wanaoletwa, ardhi inayotwaliwa, maji yanayoelekezwa kwingine, sheria za Israel zinazopanuliwa hadi Ukingo wa Magharibi na Jerusalem Mashariki, ikasema: huu si ulezi wa muda, hii ni kunyakua. Kwa kura 11 dhidi ya 4 ikaamua kwamba kuendelea kuwepo kwa Israel katika ardhi ya Palestina iliyokaliwa ni kinyume cha sheria na lazima kukome haraka iwezekanavyo. Umuhimu wake kwa sisi wengine ni huu: anayekaa muda mrefu hapati haki kwa kukaa. Kadiri anavyojenga na kuota mizizi, ndivyo kesi yake inavyozidi kuharibika.

Mwishoni mwa Januari 2025 kundi la waasi la M23 liliingia Goma, na katikati ya Februari likaingia Bukavu. Limeteua watawala wake. Tarehe 21 Februari Baraza la Usalama, kwa azimio namba 2773, liliitaka Rwanda iache kulisaidia kundi hilo na iondoe askari wake Kongo bila masharti. Rwanda inasema inajilinda. Kisheria swali ni lilelile la Bemba na la Lotsove: M23 wanatawala kwa amri yao wenyewe, au kwa amri ya nchi? Ikiwa ni yao, hivi ni vita vya ndani na sheria yake ni nyingine, nyembamba zaidi. Ikiwa ni ya nchi, Goma imekaliwa, na kila kifungu nilichokitaja kinaingia. Kwa vyovyote vile Goma ni Kongo. Mimi naona swali hilo lina mashiko ya kutosha kufika mbele ya majaji, na njia ipo: Kongo iliishitaki Rwanda katika Mahakama ya Afrika, na Juni 2025 mahakama hiyo ya Arusha ikasema ina mamlaka ya kulisikiliza shauri. Hilo si dogo. Vita vya 1998 vilipofikishwa The Hague, Uganda ilihukumiwa kwa sababu ilikuwa imekubali mamlaka ya mahakama ile tangu 1963. Kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda ilikwama Februari 2006, si kwa sababu majaji walisema Rwanda haina kosa, ila kwa sababu walisema hawana mamlaka juu yake. Familia mbili zilizoumia katika vita kilekile, moja ikapata hukumu, nyingine haikupata.

Nimalizie na fedha, maana hapo ndipo penye kazi yenu. Kongo iliomba fidia ya zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ikaipa dola milioni 325: milioni 225 kwa watu waliouawa na kuumizwa, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, milioni 60 kwa maliasili, zilipwe kwa mafungu ya milioni 65 kila mwaka. Kongo ilidai vifo 180,000 vya raia. Mahakama ilifika kwenye makadirio ya kati ya 10,000 na 15,000. Na kumbukeni kwamba kwa Ituri majaji walikuwa wameirahisishia Kongo: walisema Uganda, kama mkaliaji, ndiyo ithibitishe kwamba madhara fulani hayakutokana na uzembe wake. Pamoja na ahueni hiyo, madai mengi yalikuja na fomu zisizo na kiambatisho. Jina bila cheti cha kifo. Nyumba bila picha, bila mahali ilipokuwa, bila bei. Kwa wanawake waliobakwa Mahakama ilikiri kwamba ukatili ule ulikuwa mkubwa, lakini haikuweza kukadiria idadi yao. Linaniuma kila ninaposoma ukurasa ule.

Kwa hiyo ninyi mnaorudi Bukavu na kwingineko, msingoje vita viishe. Andikeni tarehe, mahali, na jina la aliyeona kwa macho yake. Amri za watawala wapya zikibandikwa ukutani, zipigeni picha zikiwa na saini na muhuri, maana kesi ya Ituri ilishikiliwa na uteuzi wa gavana mmoja. Risiti za kodi wanazotoza, tunzeni. Kitabu cha zahanati chenye majina ya waliotibiwa, kifanyieni nakala na nakala ikae nje ya mji. Hati za viwanja na vyeti vya watoto, vivyo hivyo. Kwa aliyeteswa au kubakwa, muulizeni kwanza kama anataka kuandikwa, na maelezo yake yatunzwe mahali ambapo hayataweza kumdhuru. Mwanasheria aliye karibu nanyi awafundishe namna ya kuandika maelezo yanayokubalika mahakamani. Vyama vya mawakili vya nchi zetu viwasaidie bila kusubiri kuombwa.

Muda wa maswali umefika. Ningeomba tuanze na ndugu zetu wa Bunia, ambao fidia ya Ituri inawahusu moja kwa moja, watueleze wamefikia wapi na mfuko ule wa fidia ulioko Kisangani.